Jeneza la Mchicha

Jumanne saa mbili asubuhi Fundi Baridi aliingia sokoni mkono ameunyoosha mbele, na mkononi kaning'iniza mfuko ambao hakuna mtu aliyetaka kuusogelea. Ndani yake kulikuwa na mchicha. Niseme vizuri: ulikuwa mchicha Ijumaa iliyopita. Sasa ulikuwa uji wa kijani, na harufu yake ilimtangulia kwa hatua tatu. Alikuwa ameubeba hivyo kutoka nyumbani, akapita duka la dawa, akapita kwa kinyozi, akapita watu wazima na heshima zao, mpaka akautua juu ya meza ya Bi Majani.

"Nani kaniuzia kitu hiki?" akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye bucha.

Bi Majani alikuwa anafunga mafungu ya mboga na wala hakuinua uso. Miaka ishirini na miwili kwenye kona ile ilikuwa imemfundisha kwamba mteja mwenye hasira huchoka upesi asipopewa kiti.

"Mimi," akajibu. "Nilikuuzia ukiwa hai. Aliyeuua ni wewe."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wa mafriji wa mtaa mzima, mtu wa kufumba macho akasikiliza mota ikiunguruma, kisha akakwambia ugonjwa wake kabla hujamaliza kumwamkia. Juu ya mlango wa karakana yake kilining'inia kibao cha herufi za buluu: BINGWA WA BARIDI. Kibao kilikuwa na miaka kumi na tisa, na kila asubuhi kabla ya kufungua kufuli alikipangusa vumbi kwa kiganja. Jina lile ndilo lililomlisha, likasomesha watoto wake wawili mpaka wakajitegemea. Lakini nyumbani kwake, ndani ya friji alilolijenga kwa mkono wake kutokana na maiti za mafriji matatu, mboga zilikuwa zinaoza. Bilinganya ziliingia zinang'aa zikatoka zimekunjamana. Hoho zililegea. Matango yaliota utelezi. Na mchicha, ee Mungu wangu, mchicha haukumaliza hata siku tatu. Mganga hajigangi, watu husema, na fundi alikuwa amechoka kuusikia msemo huo kutoka kwa mke wake.

"Friji langu halina kasoro," akasema. "Na wewe uache kuwaambia wateja wangu kwamba friji ni jeneza la mchicha. Wiki iliyopita mama mmoja kaja kuchukua friji lake, hataki tena nilitengeneze. Unajua kasema nini? Kasema bora alifanye banda la kuku!"

"Kuku angalau watatoka hai."

Hapo soko likalipuka. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na meza ile na ambaye tangu azaliwe hajawahi kupitwa na ugomvi wa mtu, alivuka barabara mbio, taulo begani, mteja wake kamwacha kitini na nusu ya ndevu.

"Jamani, maneno hayaivishi chakula," akasema huku akihema. "Shindaneni!"

Wakashindana. Masharti aliyapanga kinyozi mwenyewe, na aliyapanga kwa raha kana kwamba ndiye atakayeoa. Mafungu mawili ya mchicha wa tuta moja, uliong'olewa alfajiri hiyo hiyo. Moja liende kwenye friji la Fundi. La pili abaki nalo Bi Majani, alitunze kwa njia zake za gunia na kivuli. Jumamosi saa nne yakutane mezani mbele ya watu. Wa Bi Majani ukiwa hoi kuliko wa Fundi, Bi Majani asimame atangaze kwa kinywa chake kwamba friji limelishinda gunia. Wa Fundi ukiwa hoi zaidi, kibao cha BINGWA kishuke siku hiyo hiyo.

"Nimekubali," akasema Bi Majani, akamchagulia Fundi fungu zuri kupita yote yaliyokuwepo.

Fundi alirudi nyumbani anakaribia kukimbia. Mke wake, mshonaji, alikuwa amekaa dirishani na cherehani yake, sindano tatu zimechomekwa kifuani kwenye gauni, na kabla hajauliza chochote alishaelezwa yote mara mbili.

"Umeweka kibao rehani kwa fungu la mchicha?" akauliza.

"Nimeweka rehani kitu ambacho hakiendi popote! Lete beseni."

Akaosha mchicha maji matatu. Akakata mizizi, maana uchafu haukanyagi ndani ya friji la bingwa. Akautia kwenye mfuko ukiwa bado unachuruzika, akafunga fundo la kufa, akaulaza kwenye rafu ya chini na kipimajoto pembeni. Akafunga mlango. Akahesabu mpaka ishirini. Akafungua kuona kama baridi imeanza kuushika.

Jumatano aliamka na furaha ya mtoto wa sikukuu. Mchicha ulikuwa unameremeta! Alimwita mke wake aje aone, kisha akamwita tena. Alipokwenda karakana alikaa dakika kumi tu, akaacha friji la watu limefunguliwa tumbo, akarudi nyumbani kusoma kipimajoto. Ni mwendo wa dakika tano. Aliurudia kutwa nzima, jasho linamtiririka, na kila aliyekutana naye njiani alipewa habari: nyuzi nne, ndugu yangu, nyuzi nne kamili!

"Baba watoto," mke wake akamwambia mchana, mguu haujatoka kwenye kanyagio, "nimehesabu. Umefungua mlango huo mara thelathini na saba."

"Mgonjwa lazima aangaliwe."

"Hata mgonjwa mahututi huachwa alale."

Lakini ungemwambia nini mtu huyo? Kila alipofungua, hewa ya moto ya jikoni iliingia, na kila alipofunga, ile hewa iligeuka matone juu ya majani. Aliyaona matone yale Alhamisi asubuhi. Fundi mwingine yeyote, kwenye friji la mtu mwingine yeyote, angejua mara moja. Yeye akasema ni umande, akafurahi, akazungusha swichi kuongeza baridi.

Ijumaa saa tisa alasiri akafungua tena. Majani ya juu yalikuwa yamelala. Yaliyogusa ukuta wa nyuma yalikuwa yameganda na kupiga weusi, na chini ya mfuko kulikuwa na maji kidogo ya kijani. Alikaa sakafuni mbele ya mlango uliokuwa wazi, miguu kainyoosha, koleo mkononi. Mke wake alisimamisha cherehani. Katika ndoa yao ya miaka ishirini na sita alikuwa amemwona mumewe akiumwa, akifiwa na akifilisika, ila hajawahi kumwona amekaa mbele ya friji bila kuligusa.

"Kibao si kitu," akamwambia taratibu. "Ni mbao na rangi tu."

"Ni jina langu," akajibu.

Halafu, kama kawaida yake, akaruka! Tatizo ni mpira wa mlango! Kwa nini hakuliona? Akakimbia karakana akaleta mpira mpya, akaubandua wa zamani, akabadilisha na swichi ya baridi, akakaza kila skrubu iliyokuwa na kichwa cha kukazwa. Saa kumi na mbili jioni akafunga mlango na kuapa kwamba hataufungua mpaka kesho saa tatu. Baridi safi, akamwambia mke wake huku macho yakimwaka, inaweza kumwamsha hata aliyelala. Mke wake alimtazama kwa muda, kisha akaenda kupika.

Jumamosi saa tatu kamili, Fundi aliyekwishaoga, kunyoa na kuvaa shati la harusi za watu, alishika mpini wa friji kama anashika mkono wa mgeni mkubwa. Akavuta.

Mchicha ulikuwa umesimama. Majani mapana, mabichi, yamenyooka, hakuna doa! Alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Alimshika mke wake kiunoni akamzungusha jikoni, sufuria zikaanguka, akamwachia, akamzungusha tena.

"Mpira wa mlango!" akapiga kelele. "Nilikwambia nini? Mpira!"

"Ulisema," mke wake akajibu.

Mtu anayetaka kuamini haulizi maswali, naye hakuuliza hata moja.

Saa nne soko lilikuwa limefurika. Waliokuja kununua vitunguu walisahau vitunguu. Kinyozi alikuwa amefunga kibanda kabisa na kuvaa tai. Bi Majani akainua gunia lake bichi. Chini yake, kwenye beseni lenye maji ya kufika kidole, mchicha wake ulikuwa umesimama na mizizi yake, uko hai, ila majani mawili ya pembeni yalikuwa yamepiga manjano na mengine yameinama kidogo. Watu wakaguna kwa kuridhika. Siku nne si mchezo.

Kisha Fundi akafungua mfuko wake, na mguno ukageuka kelele.

"Hebu," akasema Bi Majani, akanyoosha mkono.

Aliushika mchicha ule na kuugeuza. Akatazama ulipokatwa. Akausogeza puani, akafumba macho kidogo. Halafu akainua uso, akamtazama mke wa Fundi, ambaye wakati huo alikuwa anachunguza kitunguu kimoja kwa makini ya mtu anayekipima nguo. Bi Majani akaurudisha mchicha mezani, akameza mate.

"Friji limelishinda gunia," akasema.

"Hatujasikia huku nyuma!" Fundi akadakia, mikono juu. "Rudia, mama!"

Na Bi Majani, mwanamke ambaye hajawahi kumtajia mtu bei mara mbili, akasimama wima, akafuta mikono kwenye kanga, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Soko likashangilia. Watu watatu walimwita Fundi hapo hapo aende akaangalie mafriji yao. Kinyozi alimnyanyua mkono kama bondia, na akina mama waliokuwa wamezoea kumcheka wakampisha njia. Nyuma yake Bi Majani alikuwa anarudishia gunia lake juu ya beseni, polepole, na wateja wake wawili wakaondoka bila kuaga.

Fundi alifika karakana akiimba. Akatoa kopo la rangi ya buluu, akapanda ngazi, akamwambia mke wake amshikie. Alikuwa na maneno tayari. Chini ya BINGWA WA BARIDI angeongeza: ALIYEMNYAMAZISHA BI MAJANI.

"Usiandike," mke wake akasema.

"Herufi zitaenea, usijali."

"Shuka. Usiandike. Mchicha ule haukuwa wako."

Brashi ilibaki hewani, rangi ikadondoka kwenye shati la harusi.

Mke wake akasema yote kwa pumzi moja, macho kayakazia kwenye ngazi. Alfajiri, Fundi alipokuwa bafuni, alifungua friji akakuta mchicha umekuwa kama ule aliompelekea Bi Majani Jumanne, utelezi mtupu. Akautupa. Akatoka mbio na kapu kutafuta mwingine, akaukata mizizi, akauosha, akauweka kwenye mfuko ule ule. "Nilikuona jana ulivyokaa pale chini," akasema. "Sikuweza. Basi tu, sikuweza."

Fundi alishuka ngazi moja moja. Hasira ilimpanda, kisha ikakosa pa kukaa.

"Uliununua wapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi kuna nani mwingine sokoni?"

"Kwake?"

"Nilijitanda mtandio mpaka puani. Nikabana sauti. Nadhani hakunitambua."

Fundi akamtazama mke wake: sindano zile kifuani, kikohozi kile kidogo anachokohoa kabla ya kila sentensi, viatu vile ambavyo mtaa mzima unavijua kwa mlio. Akakumbuka Bi Majani akiugeuza mchicha. Akakumbuka macho yake yalikoelekea. Yule mama alijua! Alishika mezani kwake mbele ya watu wote fungu alilolifunga mwenyewe asubuhi, akameza mate, akajitangaza ameshindwa ili mke wa mtu asiaibike sokoni. Na yeye, bingwa, akamwambia arudie.

Aliweka brashi chini akatoka mbio, shati lina michirizi ya buluu, ndala moja ikamvuka njiani naye hakugeuka. Sokoni bado watu walikuwa wamejaa, na habari ilikuwa bado ya moto. Walipomwona wakashangilia upya. Akapanda juu ya kreti tupu karibu na nyanya za Bi Majani.

"Jamani! Nisikilizeni!" akapaza sauti. "Mchicha nilioleta saa nne haukutoka kwenye friji langu. Umeng'olewa leo. Wangu umeoza. Umeoza kabisa, hata kuku angeukataa!"

Kinyozi akalegeza tai.

"Nani kaubadilisha?" akauliza.

Pale nyuma ya watu alikuwa ametokea mke wa Fundi, anahema, ile ndala iliyopotea iko mkononi mwake. Fundi alimwona. Alimwona anafungua mdomo, akasikia hata kile kikohozi kidogo kinaanza.

"Mimi!" akapiga kelele kabla hajawahiwa. "Nimeubadilisha mimi. Niliona nashindwa, nikaiba ushindi. Na mama huyu nikamfanya aseme uongo wangu mara mbili. Aliyeshinda ni Bi Majani na gunia lake. Kibao nakishusha sasa hivi."

Kelele zilizofuata zingeamsha mji wa pili. Walizomea, walicheka, mmoja akaimba papo hapo wimbo wa mwizi wa mchicha na wengine wakauitikia. Wale watatu waliomwita asubuhi wakajifanya hawamjui. Mke wake alikuwa anasukuma watu apite mbele aseme, lakini Bi Majani alimfikia kwanza, akamtia mikononi kapu zima la vitunguu.

"Nishikie hivi, mwenzangu," akamwambia. "Na usiviangushe, wala usiseme kitu."

Kisha akaenda kwenye kreti, akamtazama Fundi kutoka chini mpaka juu.

"Mwongo mkubwa wewe," akamwambia kwa sauti ndogo ambayo haikumfikia hata kinyozi. Macho yake yalikuwa yanacheka. "Shuka, unaniponda nyanya."

Akashuka. Akamwomba msamaha kwa maneno machache. Bi Majani akampa kigoda akae, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mteja, akachukua fungu la mchicha akaliweka magotini kwake.

"Usiuoshe mpaka siku ya kupika," akasema. "Ufunge kwenye kitambaa kikavu, si mfuko. Usiubanze ukutani. Halafu funga mlango uende kazini kwako, Fundi. Jani linapumua. Ukilisumbua linakufa, uwe na friji au gunia."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ungeniuliza mwaka jana ningekwambia bure."

Kinyozi akaja akamshika bega. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema, akiwa na huzuni ya mtu ambaye shindano lake limekwisha, akarudi kufungua kibanda.

Kibao kilikuwa kizito kuliko Fundi alivyokikumbuka. Walikibeba wawili, yeye mbele, mke wake nyuma, wakakatiza mtaa kwenda nyumbani mchana kweupe huku watu wakiwapigia makofi ya dhihaka na watoto wakiimba ule wimbo mpya. Fundi alijaribu kukunja uso akashindwa. Alianza kucheka tumboni, kicheko kikampanda mabegani mpaka kibao kikatikisika.

"Ungesema tu kwamba ni mimi," mke wake akasema nyuma yake. "Ni kweli ilikuwa mimi."

"Na wewe ungeniacha tu nishindwe."

Walitembea hatua chache, kisha mke wake akamwambia abadili mkono, kwa sababu upande wa mbele ulikuwa unashuka.